Mkwe wangu wa Hawaii alichimba shimo la Krismasi, kaka yangu akaja kunizika

Wakuu, wakubwa shikamoo, wadogo marahaba. Haya yalitokea uani kwangu, hapa Ganda, na sijatia chumvi hata punje. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo herufi zikipishana mnivumilie, nachapa kwa kidole kimoja.

Chanzo ni mnazi.

Kaka yangu Karisa alikuwa hanisemeshi mwaka wa tatu sasa. Kosa langu. Nilikata mnazi wa mpakani, ule baba aliompandia yeye alipozaliwa, nikafanyia nguzo za choo. Bila kumuuliza.

Alisimama pale pale mpakani akaniambia, "Katana, kwako nitakuja siku moja tu. Siku ya kukuzika."

Na Karisa akiapa ameapa. Ujanani aliapa hatakula papa, na mpaka leo mkewe akipika papa yeye anatoka nje. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi Krismasi iliyopita binti yangu Dama akaja na mumewe, mtu wa Hawaii. Mimi nilidhani huko ni barafu tupu. Kumbe ni visiwa, wana minazi na majimbi kama sisi.

Mkwe anaitwa Keoni. Mnene, mpole. Aliniinamia paji kwa paji, pua kwa pua, tukavuta pumzi pamoja. Ndiyo salamu yao. Kisha akasema, "Mele Kalikimaka."

Nikamjibu makaa yapo jikoni.

Dama alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni Krismasi njema.

Sasa, kwao nyama ya sikukuu hupikwa kwa kufukiwa shimoni juu ya mawe ya moto, nguruwe mzima. Nikamwambia, Dama akitafsiri, baba, rafiki yangu Salimu anatoka Mambrui kuja kula na sisi, nguruwe hapana. Tukatafuta mbuzi, Salimu akamchinja kwa mkono wake.

Shimo Keoni alilichimba jana yake. Wakuu, lile shimo. Urefu wa mtu, kina cha kiuno, ubavuni mwa nyumba. Na Dama yuko barazani anatunga mashada ya yale maua meupe yanayopandwa makaburini, maana kwao mgeni huvishwa shingoni.

Mimi sikuona kitu. Mtu haoni kaburi lake.

Asubuhi mama mmoja akipita kwenda kanisani akaona shimo, akaona maua, mimi hakuniona. Nilikuwa chooni. Ndiyo, choo kile kile. Akampigia Karisa simu.

Huku mawe yameshapata moto shimoni. Mbuzi tumemfunga kwa majani ya mgomba, na juu shuka nyeupe iliyoloweshwa, mvuke usitoroke. Keoni na Salimu wanamteremsha taratibu, mmoja huku, mmoja huku. Mimi nimekwenda nyuma ya nyumba kuchukua beleshi.

Nikasikia kilio.

Karisa. Peku, shati amelivaa ndani nje. Mtu ambaye hata mama alipokufa hakutoa chozi.

"Katana ndugu yangu, hata hawakuningoja. Mnazi ni mti tu, jamani. Ni mti tu."

Nikajitokeza na beleshi langu. "Shikamoo, kaka."

Akaniangalia. Akaangalia shimo. Akaniangalia tena.

"Huyo ni nani, basi?"

"Mbuzi."

Salimu akageuka, akakohoa kikohozi cha uongo.

Karisa akajifuta uso, akasema, "Mimi nimeapa," akashika njia. Miaka mitatu nilidhani ananichukia. Sasa nimejua, na anaondoka.

Keoni Kiswahili hajui. Yeye aliona mgeni anatoka bila shada. Akamkimbilia, akamvisha.

Karisa akatia mkono alivue. Dama akamwambia, "Baba mkubwa, kwao ukilivua mbele ya aliyekuvisha umemtukana."

Akasimama na maua yake shingoni. Akawaza. Akarudi mpaka shimoni, akainama, akachota mchanga, akamrushia mbuzi.

"Nimekuja, nimelia, nimezika. Kiapo kimekwisha." Kisha akanigeukia. "Marahaba, marehemu."

Tulifukia pamoja. Alasiri tukafukua, nyama inaachia mfupa yenyewe. Karisa alikula na shada shingoni, akaenda chooni, akatoka akasema, "Mnazi wangu umesimama vizuri."

Funzo langu ni dogo. Ukimwapia ndugu, acha mwanya wa kurudia. Na ukikosa, usingoje kuliliwa, nenda ukaombe radhi. Mimi sikwenda, nikaokolewa na mbuzi.

Mpaka leo ananiita marehemu, nami naitika.

Haya, nani hapa hasemeshani na nduguye, na ni mti gani uliowagombanisha? Andikeni. Marehemu anasoma.