Bango Lililomwaibisha Mama Pindo

Jua ndiyo kwanza linachungulia dirishani, na Mama Pindo anafumua. Kwa ncha ya wembe anakata uzi mmoja mmoja, na herufi nyekundu zinamwangukia mapajani. Mwezi uliopita zilisomeka: HATUJIUNGI.

Ni bango la ushirika wa mafundi cherehani. Serikali inataka nchi iingie kwenye jumuiya ya majirani, mipaka ifunguliwe. Madereva na wachuuzi wanashangilia. Mafundi wanasema nguo za viwanda vya jirani zitawamaliza.

"Zamani nilishona sare arobaini kila muhula," anasema mjane huyu. "Sasa hata kumi hazifiki. Wenzangu wakaniambia, bango lishone wewe, pindo zako hazifumuki."

Akanunua kitambaa cheupe, kile cha bei nafuu. Ukingo wa jora hautoki nyuzi, kwa hiyo fundi mzoefu hajisumbui kuupinda. Naye aliuacha hivyo hivyo, bila kutazama upande wake wa nyuma.

Siku ya maandamano wakapishana na madereva wanaotaka kujiunga. Mbele ya madereva hao alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Upepo ukalipindua bango. Ukingoni, kwa wino wa buluu, jina la kiwanda cha nchi jirani lilijirudia mwanzo hadi mwisho.

"Shemeji!" dereva akapaza sauti. "Hicho kitambaa si nimekivusha mimi na lori langu? Hata ushuru nimekilipia!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti wa ushirika akamnong'oneza, "Umetuvua nguo, mama."

"Nilimwomba Mungu ardhi inimeze," anasema, macho kwenye wembe. "Siku hizi kwenye ibada nakaa nyuma, karibu na mlango. Shemeji alikuja kuniomba radhi, nikajifanya nimelala. Na yeye analala mpakani wiki nzima akisubiri kuvuka. Ana lake la kulilia."

Amepekua kibanda chote: uzi, sindano, zipu. "Hakuna hata kimoja cha kwetu."

Alhamisi ushirika utakaa kuamua kama abaki.

"Nitakwenda na kitambaa hiki. Nitawaambia, nguo za jirani tuzikatae, sawa, lakini vitambaa tutatoa wapi? Wakinitoa, basi wanitoe nimeshasema."

Anakikunja, ukingo wenye maandishi ukiwa nje. Mteja anapiga hodi. Haraka haraka, anaugeuzia ndani.