Mama mkwe kajua "unfounded"

Mnisamehe nimekaa kimya, simu ilizima na mimi mwenyewe nilizima.

Mama mkwe alitangaza mtaani kwamba mwanangu Sudi kadhoofu kwa sababu nimembemenda, eti natembea na mwanamume huku nanyonyesha. Akaacha hata kumpakata mjukuu wake.

Leo karudia zahanati, mbele ya nesi. Jamani!

Nesi kapima damu: malaria. Akamwambia mwenzake, "Ya bibi ni unfounded."

Mama mkwe akawaka. "Umeniita mwongo?"

"Hapana, bibi. Mwongo anajua anadanganya. Hilo ni neno lisilo na msingi, na anayelisema anaweza kuwa analiamini kabisa."

Mimi naangalia sakafu.

Kisha mama mkwe akanyoosha mikono. "Nipe mume wangu huyo."

Nikampa, ila nikamwambia, "Mama, neno ulilipeleka mpaka bombani. Kalirudishe."

Jioni kaenda bombani, Sudi mgongoni. Nikamsikia: "Shoga zangu, yale yalikuwa anfaundedi. Hata mie niliyaamini."

Nililia, nyie je?

Mlio mjini Masoko, bado nahitaji mniletee chandarua, karanga za uji wa Sudi, na kanga ya mbeleko. Yangu kaichukua bibi yake, na simdai.