Injinia wa Mama Kandida

Kelestini hakukusudia kumdanganya mama yake. Lakini ni wangapi hukusudia? Alipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam akisomea fizikia, mama alimpigia simu kutoka Kibaoni kumuuliza anasoma nini hasa, maana wanajumuiya wenzake wa kanisani walitaka kujua. Kelestini akafikiria kumwambia ukweli: kwamba anaunda, kwa hesabu na kompyuta, mfano wa ulimwengu unaotanuka, uliojaa mashimo meusi. Akamwona mama akiyabeba maneno hayo mbele ya akina mama, nao wakitazamana pembeni. Akasema anasomea umeme.

Umeme ulieleweka. Bwawa la Kidatu linalofua umeme nani asiyelijua? Tangu siku hiyo, zamu ya sala ya jumuiya ilipofika nyumbani kwake, Mama Kandida alisimama kwenye maombi ya shukrani akamshukuru Mungu kwa injinia wake. Alikuwa mjane, amemlea mtoto huyo kwa jembe la mkono, na shukrani yake haikuwa fupi. Kelestini akahitimu, akawa mhadhiri, na yule injinia akazidi kunenepa midomoni mwa watu. Kila likizo Kelestini aliona haya, na kila likizo alijiambia atasema kesho.

Mwaka huu alikuja wakati wa mavuno. Jumamosi asubuhi, sala ya jumuiya nyumbani kwao imeisha na chai inanywewa, habari ikaja kwamba mashine ya kukoboa mpunga ya jirani yao Fulgensi imezima, foleni ya magunia imefika barabarani, na fundi yuko safarini. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Marsiana, akaweka kikombe chini akauliza kwa upole wanahangaika nini, na fundi wamekaa naye hapa hapa.

Mama Kandida aliinuka kabla ya mwanawe. Akafunga kitenge upya akatangulia njia, huku akina mama wakimfuata. Kelestini alikuwa na nafasi ya kumvuta pembeni amwambie. Hakumvuta. Mficha uchi hazai, wanasema, na huyu bwana alikuwa ameuficha miaka tisa.

Pale mashineni akapewa bisibisi. Akafungua sanduku la umeme akatazama nyaya. Kanuni za umeme alizijua zote, angeweza kuziandika ubao mzima bila kufuta, lakini hajawahi kufunga hata soketi. Jasho likamtoka. Watu wakarudi nyuma kumpisha mtaalamu. Kwa kuwa ilibidi afanye kitu, akanyoosha mkono kwenye waya mmoja, na Fulgensi akamdaka kifundo cha mkono.

"Injinia, huo una umeme bado."

Nyuma mtu akacheka, kisha akajikohoza. Kelestini aliweka bisibisi chini. Uso ulimwaka mpaka masikio, akatamani ardhi impasukie.

"Mimi si injinia," alisema. "Sijawahi kuwa. Nilimdanganya mama."

Mama Kandida aligeuka akaondoka, na akina mama wakampisha bila kumtazama usoni, jambo ambalo Kelestini aliliona baya kuliko kile kicheko.

Alimkuta nyumbani, uani, akigeuza mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Mama hakuinua kichwa. Aliuliza tu, basi unafanya kazi gani. Kelestini akachuchumaa. Kwa kukosa ubao, akautumia mpunga. Alimwambia kwamba watu wengi wakikokotoa jinsi ulimwengu unavyotanuka, huchukulia kwamba vitu vyote vimetandazwa sawasawa, kama mpunga huu. Yeye anavikusanya. Akaukusanya mpunga ukawa vifungu vidogo vidogo, kati ya kimoja na kingine pakabaki patupu. Kila kifungu, alisema, ni shimo jeusi, kitu kizito mno ambacho hata mwanga ukiingia hautoki. Kisha anauliza: turubai likitanuka, litatanuka vilevile kama mpunga ulipokuwa umetandazwa?

"Na linatanuka vilevile?" mama aliuliza.

Kelestini akaeleza kwamba vifungu vikiwa vichache, hesabu hazilingani na zile za mpunga uliotandazwa. Vikiwa vingi, zinakaribiana sana.

Mama alivitazama vile vifungu. "Kwa hiyo ukivitazama kwa mbali, vikiwa vingi, ni kama vimetandazwa."

"Ndiyo, mama."

Maelezo yote hayakuchukua hata muda wa chai kuchemka.

"Hili ndilo uliloona sitalielewa?"

Kelestini alisema aliogopa watu wangemcheka mama yake. Akayatazama magoti yake.

Mama Kandida alijifuta mikono kwenye kitenge. "Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu nikimshukuru Mungu kwa mtu ambaye hayupo," alisema. "Wewe uliyepo, sijakushukuria hata siku moja."