Swali la Msichana wa Vitunguu

Kila uchaguzi, nje ya shule yetu hapa Hobart, Australia, inayogeuzwa kituo cha kura, tunawauzia wapiga kura mkate wa soseji: mimi nageuza soseji, msichana mmoja anakaanga vitunguu. Mwaka huu fulana yake imeandikwa "Akili bandia iwekewe sheria", na machozi yanamchuruzika. Ana tabia moja inayoniudhi: hamsemeshi mteja mpaka aung'ate mkate. Mdomo ukishajaa ndipo anauliza, taratibu, "Kompyuta ikikunyima kazi kimakosa, nani atawajibika?" Kisha anaelekeza koleo kwa wagombea waliojipanga getini kuomba kura. "Waulize wale."

"Unalia nini, binti?" mteja wetu, mzee Merv, alimtania. "Roboti kakuibia mchumba?"

"Vitunguu, mzee wangu. Kwa roboti silii, napiga kelele."

Merv alicheka mpaka akapaliwa. Lakini alipofika getini nilimwona amemshika mgombea mmoja mkono, anauliza swali lile lile.

Adhuhuri mgombea huyo akatujia, tai imelegea. "Jamani, nani anawapa watu swali hili? Tangu asubuhi sijaulizwa lingine!"

Msichana akafuta macho kwa kiwiko, akamjazia vitunguu, akampa mkate. Akasubiri aung'ate, ndipo akauliza.

Foleni nzima ikamgeukia, ikimngoja ameze.