Dirisha la Chumba cha Nyuma

Mtaani fundi yule wa vyuma walimwita Sawa. Ukimwambia mlango uwe tayari kesho, sawa. Ukimwambia rangi hii siitaki, paka upya, sawa. Hata waliomjia juu kwa makosa ya fundi mwingine aliwajibu sawa, kisha akabaki peke yake akisaga meno. Watu wa namna hii hupendwa sana, na wanaojidai kuwapenda zaidi ndio wanaowapanda kichwani.

Aliyempanda kichwani kuliko wote ni kaka yake. Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyemlea, akamtafutia mahali pa kujifunza kuchomelea vyuma, na baadaye akampa mashine. Hilo ni jema, na fundi hakulisahau. Angelisahau vipi, na kaka alilikumbusha kila alipofungua kinywa? Akija mgeni: "Huyu nimemtoa mavumbini mimi." Wakikaa kula: "Kula, mdogo wangu. Mashine yangu, tumbo lako." Watu walicheka, na fundi naye alicheka. Moyoni alimchukia kaka yake, na aliionea haya chuki hiyo.

Katika kazi alikuwa na jambo moja lisilobadilika. Aliyemfundisha alimwambia kwamba nondo za dirisha la chumba cha kulala hazijakamilika mpaka fundi mwenyewe atoke kupitia humo. Basi kila dirisha la chumba aliliwekea kimlango kidogo chenye bawaba, na komeo lake ndani. Akimaliza, anajifungia chumbani, anafungua kimlango, anatanguliza miguu nje, kisha kitambi kinakwama na wateja wanavunjika mbavu. Hajawahi kumweleza mtu kwa nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkataza.

Kaka alikuwa na karakana ya kushona sare za shule nyumbani kwake, na mafundi wake, wanawake wanne, walilala chumba cha nyuma. Vitambaa vikaanza kupungua, naye akawashuku wao. Siku moja, wakila kwa mama yao, kaka akasema, "Chumba cha nyuma nitilie nondo dirishani. Zisizofunguka. Na mlangoni komeo, kwa nje."

Fundi alikuwa na tonge mdomoni. "Sawa," akasema, kabla maneno hayajamwingia. Mama akamshukuru Mungu kwa kumpa watoto wanaosikilizana.

Alipokwenda kupima ndipo akaona. Chumba hakikuwa na njia nyingine ila mlango ule na dirisha lile. Ukutani kulikuwa na marobota ya vitambaa mpaka darini, na pasi ya umeme juu ya ubao wake, waya umefungwafungwa kwa utepe. Msichana anayeshona vifungo, mdogo kuliko wote, alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Alimtazama fundi akivuta futi, akamuuliza, "Sasa hapa panafungukia wapi?"

Fundi alikunja futi. Alirudi kibandani kwake, akatengeneza dirisha kama anavyotengeneza yote, lenye kimlango. Alijidanganya kwamba kaka hataona. Woga ndivyo ulivyo, humfanya mtu mzima acheze mchezo wa kujificha na ndugu yake.

Kaka aliona. Alikuja wakati dirisha limeshakazwa ukutani na mashine bado iko uani, akavuta kimlango, kikafunguka.

"Nini hiki?"

"Kimlango."

"Nilikuomba kimlango mimi?"

"Hapana, kaka."

"Basi chomelea hizo bawaba. Sasa hivi, nikiona."

Wale wanawake walikuwa wamesimama mlangoni. Fundi alishika miwani yake ya kazi, akaivaa, akaivua. Jasho lilimtoka kama aliyekamatwa akiiba. Neno la kukataa halikuwahi kutoka kinywani mwake mbele ya mtu huyu.

"Sichomelei," alisema. "Watu wanalala humu."

Kaka alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mashine ya nani hiyo?"

"Yako."

"Mkono uliokulisha wa nani?"

"Wako, kaka. Lakini sichomelei."

Kaka akampigia mama, akaweka simu sauti ya juu ili wote wasikie. "Mama, ongea na mwanao, amekuwa mkubwa." Na mama, bila kuuliza kuna nini, akasema, "Wewe, mfanyie kaka yako anachotaka. Usinitie aibu."

"Hapana, mama," fundi akasema. Simu ikakatwa.

Kaka akaukanyaga waya wa mashine kana kwamba itakimbia. "Iache hapo. Toka. Fundi mwingine atakuja kesho, na wewe utakula vumbi ulimotoka."

Fundi aliwageukia wale wanawake. "Mlango ukifungwa kwa nje na dirisha hili likichomelewa, msilale humu. Moto ukizuka hamtatoka." Mmoja wao, mama wa makamo, akamjibu kwa hasira, "Tukalale kwako? Umetuharibia kazi, halafu unatupa mawaidha!" Hakuna aliyemshukuru, na alitembea mpaka nyumbani masikio yakimwaka.

Kesho yake fundi mwingine akachomelea bawaba na kuweka komeo mlangoni. Watatu walifungasha wakaondoka, wakimtukana kaka mbele ya majirani. Msichana wa vifungo akabaki. Hakuwa na ndugu wa kumpokea.

Asubuhi iliyofuata mama akafika kibandani kwa fundi. Hakuketi. Akatazama mahali mashine ilipokuwa ikikaa, akaguna.

"Kaka yako hajala tangu juzi. Kazi yake imesimama. Nenda ukampigie magoti."

"Mama, umekiona kile chumba?"

"Nimekiona."

"Ungelala wewe mle, ukafungiwa kwa nje?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Kwani mimi mtumishi wa mtu?"

Fundi alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote, na wakati ule alimwonea aibu mpaka akashindwa kumtazama usoni. Kisha akachukua msumeno wa chuma wa mkono, usiohitaji mashine wala umeme, akampita mama yake bila kuaga.

"Unakwenda wapi? Nakuuliza wewe!"

Kaka alikuwa kibarazani kwake. Alipomwona akaegemea nguzo, mikono kifuani, kama hakimu. "Haya. Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kukata."

Aliingia uani. Komeo la mlango wa chumba cha nyuma lilikuwa bado limefungwa, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alilivuta, akausukuma mlango, kisha akazunguka dirishani akaweka msumeno kwenye bawaba ya kwanza, palipochomelewa.

"Nitaita polisi!" kaka alipiga kelele nyuma yake. "Unavunja nyumba yangu! Nitakufunga, mbwa wewe!"

"Waite. Waje wakione chumba."

"Tokea leo mimi si ndugu yako!"

Hilo lilimuuma. Alikuwa akiliogopa maisha yake yote, na sasa lilikuwa limeshasemwa. Macho yalimjaa, akaendelea kuvuta msumeno. Chuma kilikuwa kigumu na dirisha zima lilitikisika, meno ya msumeno yakawa yanaruka nje ya mstari. Ndipo mikono miwili ikatokea upande wa ndani, ikashika nondo juu na chini, ikazibana zisitikisike.

"Kata," alisema msichana wa vifungo.