Mashujaa Sita na Simu Tatu

Nilitoka kwenye salle ya video, chumba chetu cha kuonyeshea filamu, nikitetemeka, na mimi si mtu wa kutetemeshwa na watu wazima waliovaa nguo za kubana. Miaka minne nilikuwa naeleza filamu kwenye redio ndogo pale Goma, kila Jumamosi saa tisa mchana, na mashujaa wa kila aina nilikuwa nimewaona: wa kuruka, wa kupasua kuta, wa kusoma mawazo ya wenzao. Walikuwa wamenichosha. Lakini ile filamu ya mashujaa sita, iliyotufikia kupitia mpaka wa Bunagana ndani ya flashi ya muuza betri, ilinipiga pale ambapo sikutegemea. Dakika za mwisho walifanya jambo ambalo filamu za namna ile hazithubutu kufanya. Vijana wa ile salle, wanaojua kelele kuliko mbuzi wa soko, walinyamaza wote. Mwenye salle akawasha taa, na hakuna aliyeinuka.

Walifanya nini? Sisemi. Redio ile imenyamaza tangu waasi waingie mjini, hakuna bosi wa kunikemea tena, na bado sisemi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya emisiyo yangu, kile kipindi cha Jumamosi. Nitakuambia mashujaa ni akina nani, mji gani unataka kuangamia, nani anaigiza vizuri na nani ni gogo, kama mtafsiri anasikika au anakoroma. Mwisho utajitafutia mwenyewe. Siku moja fundi wa mitambo aliropoka hewani kwamba msichana wa kwenye filamu fulani alikuwa ndiye muuaji; nilimzimia mikro na sikumsemesha wiki nzima.

Watu wanadhani kuficha ni kunyamaza. Wanajidanganya. Ukinyamaza ghafla, msikilizaji anajua hapo ndipo shimo lilipo. Ukibadilisha sauti, amekushika. Ukimsifu mtu mmoja kupita kiasi, anajua huyo ndiye wa kuliliwa. Na usithubutu kumwambia asiwe na wasiwasi. Siri unaificha kwa kusema mengine kwa sauti yako ileile ya kila siku, hata kwa kugombana kidogo. Nilijivunia ufundi huo kama mwingine anavyojivunia gari.

Msikilizaji wangu wa kwanza, na adui mkubwa wa sheria yangu, alikuwa papa, baba yangu mzazi. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe kwenye milima ya Masisi. Waasi wa kwanza walichukua ng'ombe wake nusu, waasi wa pili wakachukua waliobaki, na wa tatu, kwa kukosa ng'ombe, wakachukua kilima. Akaishia Munigi, nje kidogo ya mji, katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, na ng'ombe jike mmoja aliyemfunga nyuma ya nyumba na kumtunza kama bibi harusi. Salle ya video hakuwahi kuingia. Alisema hawezi kulipia giza wakati kwake lipo la bure. Lakini emisiyo hakuikosa, na ikiisha tu, simu yangu inalia.

Jumamosi ile niliyoeleza mashujaa sita nayo ililia.

"Mutoto yangu," akasema, "hao batu sita. Mji ikiwaka, nani anabaki na bazee?"

"Papa, hiyo haiko ndani ya filamu."

"Basi haiko filamu ya kwetu. Batu sita na nguvu zote zile, hakuna hata moja ya kubeba godoro? Penye miti hapana wajenzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa amefikia alipotaka.

"Ule muzee wao, mwenye fimbo. Anakufa?"

"Mutaenda kuona."

"Mi nitaendaka wapi? Uniambie tu. Niko papa yako, siko mutu wa redio."

"Sheria ni sheria, papa."

"Ulimusifu sana leo," akasema. "Nimeshajua."

Nilikasirika, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimemsifu. Nikamwambia kama ameshajua, basi ananiuliza nini, aniache na kazi yangu. Akasema sawa, ng'ombe hangoji, anaenda kukamua. Ndivyo tulivyoagana, mimi nimevimba kwa ajili ya sinema.

Jioni ile mlima wa moto ulio juu ya mji ukapasuka. Hatukuambiwa na mtu. Tulitoka nje kwa sababu ukuta wa jirani ulikuwa mwekundu. Mimi nilizaliwa chini ya mlima ule, mara ya kwanza ulipouvamia mji nilikimbia nikiwa msichana na sufuria kichwani, na bado nilisimama mdomo wazi kama mgeni. Nilimfunga binti yangu mgongoni na kufuata barabara ya Sake pamoja na mji mzima. Simu ya papa haikupatikana. Tulitembea mpaka Mugunga. Mugunga nilikuwa naijua kama mahali pa kupeleka nguo kuukuu kwa wakimbizi wa vita. Sasa nilikaa pale chini kwenye mawe, nikimfunika mtoto kwa kitenge nilichokuwa nimevaa.

Alfajiri mtandao ulirudi, na wa kwanza kupiga akawa papa mwenyewe, kwa simu ya jirani. Ametoka. Amelala kwenye uwanja wa kanisa na watu wa mtaa. Moto umepita upande wa pili wa barabara, nyumba haijulikani kama ipo. "Niko muzima," alisema, "nasikia njaa tu." Nilimwambia nitamtafuta mchana. Nililia kwa furaha mbele ya watu nisiowajua, na mama mmoja akanipa nusu ya muhogo wake.

Kwa hiyo nilikuwa nimetulia kabisa saa sita, shangazi yangu aliponipigia.

Shangazi, dada mdogo wa papa, anaongea kwenye simu kana kwamba simu ina matatizo ya masikio. Siku ile aliongea taratibu.

"Kuya kwangu, huku Katindo. Papa yako amechoka kidogo."

"Amechoka namna gani? Asubuhi tuliongea."

"Amechoka tu. Usikuwe na wasiwasi."

"Nipe niongee naye."

"Amelala, mama. Kuya."

Nikajiambia ni usingizi, watu wote hawakulala. Haikupita robo saa akapiga kaka yangu mkubwa. Mimi na kaka tulikuwa hatujasemezana mwaka na zaidi, kwa ugomvi ambao hata sababu yake nimeanza kuisahau. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza mtoto kama amekula. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Papa ni mutu wa nguvu, unajua. Hajawahi kukosea mutu." Nikamwambia anipe papa. Akasema network ni mbaya, na sauti yake nilikuwa naisikia vizuri mpaka pumzi.

Wa tatu alikuwa pasta wa kanisa lao. Alisema wamenitumia motari, dereva wa pikipiki, wa kunichukua, ameshalipwa, nisihangaike na kitu, wako wengi pale na wananingoja.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Ataanguka njiani, nani atamshika? Anaambiwa mgonjwa. Anaitwa, analetwa, anakalishwa chini, anapewa maji, ndipo mkubwa mmoja anamsimulia tangu mwanzo, polepole, mpaka afike. Desturi hii nimeijua tangu utoto. Mimi mwenyewe niliwahi kumpigia binamu na kumwambia mama yake ana malaria kidogo. Lakini sikuwahi kuwa upande ule mwingine wa simu. Nilisimama pale Mugunga, kibuyu cha maji cha mtu mkononi, nimepigwa kofi na watu watatu wanaonipenda. Papa alikuwa amekufa, na kila mtu alijua, ila mimi peke yangu sikuwa nimeambiwa.

Na cha kwanza nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa hasira ya kazi. Walikuwa wanaifanya vibaya. Sauti ya chini, sifa nje ya mahali pake, usiwe na wasiwasi: makosa yote ambayo mimi nisingeyafanya hata kwa filamu ya mabubu. Nilitaka kuwapigia niwafundishe.

Motari alikuja, kijana mrefu mwenye koti la kaki. Nilijaribu bahati yangu, nikamwuliza kama alikuwa amemwona papa. Akasema yeye katumwa tu. Akaniwekea mtoto katikati, akatuambia tushike vizuri, akaondoka polepole. Kila shimo alilizunguka. Motari wa Goma anayezunguka mashimo, wewe umewahi kumwona? Nilitazama shingo yake njia nzima na kujua kwamba hata yeye ameambiwa.

Barabara ilikuwa imejaa watu wanaorudi mjini na magodoro yao, na wengine wanaotoka, hakuna aliyejua upande wa usalama. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nitafika mlangoni na sitakaa. Maji sinywi. Nitasema: mimi si mtoto, msinizungushe, semeni mwisho kwanza. Niliyarudia kimoyomoyo mpaka yakawa laini. Na kila nilipoyamaliza nilisikia sauti yangu ya jana ikimwambia papa kwamba sheria ni sheria. Mzee ameniomba kitu cha uongo, cha watu wa kuigiza, kisichomgharimu mtu, nami nikamnyima. Nilimnyima nini? Nilijichukia sana juu ya ile pikipiki.

Uani kwa shangazi viti vilikuwa vimepangwa. Wanaume walisimama kunipokea wote kwa pamoja. Wanawake walikuwa wamekaa wamefunga vitambaa kichwani, macho mekundu, na hakuna aliyelia. Walikuwa wameshikilia pumzi kwa ajili yangu. Kaka akamchukua mtoto na kumwambia kuna ndizi ndani. Shangazi akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka, akanipa maji. Nikafungua mdomo nitoe maneno yangu.

"Sasa," shangazi akasema, "jana jioni papa yako alikuwa anakamua."

Nikafunga mdomo.

Kwa sababu hapo, ndani ya maneno yake, papa alikuwa anakamua. Alikuwa amechuchumaa kwenye kile kigoda chake kibovu, ndoo katikati ya magoti, na bado ananung'unika juu yangu. Huko hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Nilikunywa maji.

Shangazi akaendelea. Alieleza namna mbingu ilivyokuwa nyekundu, namna papa alivyobeba godoro la jirani mjane kabla ya lake, namna walivyolala uwanjani pa kanisa. Nilimwona kwa kila neno. Simulizi ikafika asubuhi, naye shangazi mwenyewe alikuwa amewafuata pale. Mama mmoja alichemsha chai, papa akakaa na wengine kunywa, na ndipo mtu mmoja akasema ng'ombe ameonekana amesimama nyuma ya nyumba, hai, amezungukwa na mawe yanayotoa moshi.

Leo najua yote na naweza kuyaandika. Papa alivuka yale mawe. Walimwita arudi, akasema anaenda kumfungua tu. Katika bonde dogo kabla ya nyumba palikuwa na mazuku, ile hewa mbaya inayokaa chini, isiyo na rangi wala harufu, na ilimlaza pale. Walimtoa wakiwa wamefunga pua kwa nguo za maji, na hawakuwahi. Lakini siku ile shangazi alikuwa bado hajafika hapo. Alikuwa kwenye kikombe. Niliona macho yake yanajiandaa, niliona kaka ametoka ndani na kusimama nyuma yangu ili anishike, na nilijua kwamba kwenye sentensi inayofuata papa atainuka na kumfuata ng'ombe.

"Hiyo chai," nikasema, "ilikuwa na maziwa?"

Shangazi alinitazama. Wanawake walitazamana.

"Haikukuwa na maziwa," akasema.

"Sukari?"

"Sukari ilikuwako. Kidogo."

"Alikunywa kikombe moja ao mbili?"

Pasta alikohoa, akataka kusema kitu. Shangazi akamnyamazisha kwa mkono bila kumtazama. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasogea karibu yangu kwenye mkeka mpaka magoti yetu yakagusana.

"Mbili," akasema. "Ya kwanza ilikuwa moto, akaipuliza. Akauliza kama kuna mukate."

"Mukate ilikuwako?"

"Ilikuwako. Nitakuambia namna tuliikata."