Sanduku la Shemeji na Mashine ya Maji

Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji. Shamba la mkonge nilikoajiriwa lilikuwa upande wa Kibaha, na injini yangu ya dizeli ilikaa ukingoni mwa mto Ruvu, ikisukuma maji mpaka tangi la saruji la kiwandani, mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu. Kiwanda kilikuwa juu kidogo, mahali pa wazi. Tangi likijaa, kibarua wa huko alipandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti, mimi nikakiona, nikazima injini. Basi. Miaka tulienda hivyo, na sikumbuki kugombezwa.

Vita vya pili vilipokwisha, kaka wa mke wangu alirudi kutoka Burma. Huko jeshini walimfundisha mambo ya simu na redio. Alishuka Kisarawe kwao na sanduku la bati limejaa nyaya, sumaku na vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio. Meneja wetu akamwajiri aangalie umeme wa kiwanda, na haukupita mwezi vibarua wote wakawa wanamwita Injinia. Siku ya kwanza alipokuja kwangu mtoni, alikiona kile kitambaa kule juu, akacheka huku ameshika mbavu.

"Shemeji, dunia nzima inapelekeana habari kwa waya, wewe bado unapungiwa nguo!"

Niliinamia injini yangu. Ni shemeji yangu, tena amenizidi umri.

Alianza na kengele. Aliweka boya ndani ya tangi, akavuta waya juu ya nguzo mpaka kibandani kwangu, akafunga kengele ya simu mbovu. Boya likipanda, kengele inalia. Ilifanya kazi vizuri mpaka mvua za masika zilipoanza, hapo ikalia kutwa nzima. Nikazima injini, nikapanda kiwandani kwa miguu, nikakuta maji hayafiki hata nusu ya tangi.

"Kengele inadanganya," nikamwambia.

"Haiwezi kudanganya. Labda umesikia vibaya."

Nimesikia vibaya! Kengele iliyonitoboa masikio tangu asubuhi!

Akaiondoa, lakini si kwa sababu yangu. Aliiondoa kwa kuwa alikuwa amebuni kubwa kuliko hiyo. Safari hii alitia fimbo mbili za shaba kwenye ubao mmoja juu ya tangi, zikining'inia kuelekea chini. Maji yakizigusa zote mbili, umeme kidogo unapita, unakuja kwa waya mpaka kwenye sanduku alilolipachika kibandani kwangu. Ndani ya sanduku vichupa vya redio vinaukuza ule umeme, sumaku inavuta, taa nyekundu inawaka, na kamba ya chuma inafunga dizeli. Injini inajizima yenyewe. Meneja alikuja kutazama, akampiga Shemeji begani. Mimi nikaambiwa kazi yangu sasa ni kuwasha tu.

Kuwasha tu! Aliyesema hivyo hajawahi kuzungusha hendeli ya injini ile. Ilikuwa nzito, na ukikosea inarudi nyuma kukuvunja mkono. Asubuhi niliiwasha, ikaenda vizuri. Mashine za kuchakata mkonge zilipoanza kiwandani, taa nyekundu ikawaka, injini ikazimika. Nikawasha. Ikazimika. Siku moja niliwasha mara kumi na moja kabla ya adhuhuri. Huko juu maji yakaisha, mashine zikasimama, meneja akateremka na gari kunifokea kwamba nachezea sanduku.

Nilipanda mwenyewe juu ya tangi nikaangalia. Ule ubao wa fimbo ulikuwa umetapakaa ute wa mkonge, mzito, wa kijani, ulioruka kutoka kwenye mashine. Nikamweleza Shemeji.

"Ute hauna uhusiano na umeme," akasema. "Wewe shika hendeli, haya niachie mimi."

Nyumbani nako sikupata pa kupumulia. Mke wangu alinitazama nikiuchua mkono, akasema, "Kaka yangu amefundishwa na jeshi. Wewe unamwonea wivu tu."

Wiki ile ile bibi yao akafariki, tukapanda lori la mbao kwenda Kisarawe. Hitima ilisomwa, watu wakala, wakabaki wamekaa mkekani. Mimi nilijua hapo si mahali pa kuleta ugomvi wa kazini. Lakini Shemeji akaanza kuwaeleza wazee wake jinsi maji ya shamba zima siku hizi yanavyojiendesha, mtu wa pampu anakaa kivulini tu.

"Anakaa kivulini nani?" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nikawaonyesha viganja vyangu. "Hivi ndivyo viganja vya mtu aliyekaa kivulini?"

Baba mkwe akatazama chini. Niliona aibu, maana nilikuwa katika msiba wa watu. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia, alivitazama viganja vile, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Kaka," akasema, "kesho kutwa tukirudi, utaenda mtoni uwashe mwenyewe."

Alikwenda. Mke wangu alifuatana naye kuhakikisha. Aliwasha, ikazimika. Aliwasha tena. Mara ya nne hendeli ikamrudi, ikamtupa kando, akakaa chini kwenye tope huku ameshika kifundo cha mkono. Hakuna aliyecheka, ingawa nilitamani. Halafu akainuka, akafuata waya nguzo kwa nguzo mpaka juu ya tangi. Nilimkuta huko anafuta ubao kwa shati lake.

"Ute huu unapitisha umeme," akaniambia, kana kwamba ndiye wa kwanza kuuona. "Sanduku linadhani ni maji."

"Nilikuambia."

"Uliniambia ubao ni mchafu. Hukuniambia ute unapitisha umeme."

Nilishuka ngazi nikamwacha.

Alizitenganisha zile fimbo, kila moja kwenye ukuta wake wa tangi, akazishikiza kwenye vikombe vya kauri vya nguzo za simu, visivyopitisha umeme, juu akazifunika kwa bati. Tangu siku hiyo injini ilizimika tangi lilipojaa, wala si kabla. Lazima niseme kweli, ilikuwa kazi nzuri.

Meneja akaleta wageni kutoka mashamba mengine. Shemeji akawaeleza kwa muda mrefu: ute, fimbo, vikombe, bati. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na kitambaa cha grisi mkononi. Hakunitaja.

Nilipomsimulia mke wangu, alikasirika kunishinda. Ijumaa kaka yake alipokuja kula kama kawaida yake, alimwekea maji ya kunawa, na baada ya hapo hakuleta kitu. Shemeji alingoja, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Dada ana nini?" Hakuwa anajifanya. Kweli hakujua. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mbele yangu: mchoro wa namna ya kuifanya injini ijiwashe yenyewe.

Nikamwambia aende jikoni kwanza, akazungumze na dada yake.